Ngumi Unayoikubali: Mhadhara kuhusu Kujikinga Ulingoni

  

Nilipokaribishwa kuzungumzia ngumi hapa Mbozi Mission, mzee mmoja alinivuta pembeni akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hayo ni maneno ya kuleta mahali ambapo Wamoraviani walifungua kituo mwaka 1899 kwa ajili ya Injili, shule na dawa. Nikamwambia: mzee wangu, sikuja kufundisha kupiga. Kupiga hakuhitaji mhadhara. Shuka Tunduma usiku, utakuta walimu wa bure. Nimekuja kuzungumzia namna ya kutopigwa. Akacheka. Yupo hapa mstari wa mbele, na kwa jinsi anavyoniangalia bado hajaridhika.

Nianze na Tunduma hiyohiyo, maana wote mnaijua. Pale mpakani kuna geti, kuna maofisa, kuna foleni ya malori yanayokwenda Zambia na kwingineko. Mgeni akiona hayo anadhani mpaka umefungwa. Mwenyeji anajua mpaka haukai getini peke yake; unapita kwenye mashamba na nyuma ya nyumba za watu, na huko kuna njia za panya. Ukiongeza maofisa getini, biashara ya njia za panya inachangamka. Ukiwapeleka porini, geti linabaki na watu wawili.

Mwili wa bondia ni mpaka wa namna hiyo. Kuna eneo kutoka panja hadi kiunoni, na maofisa ni wawili tu, yaani mikono yako. Popote utakapoiweka, kuna mahali umepaacha. Kwa hiyo kijana anaponiuliza, kama ninavyoulizwa kila wiki, "Kocha, kinga ipi ni bora?", mimi humrudishia swali: ukijikinga hivyo, ni ngumi gani umekubali kupigwa? Asiyejua jibu hana kinga. Ana mapozi.

Tuchukue kwanza kinga ambayo karibu kila mtu hapa Songwe anaanza nayo: mikono yote miwili juu, glovu kwenye mashavu, viwiko vimebana mbavu, kidevu chini. Inafundishika kwa siku moja. Humfaa mtu mwenye mabega mazito na miguu mizito, na nyinyi mnaopakua malori mna mabega hayo. Anayekupiga anapiga mikono yako, anachoka, anaumia vidole. Kwa anayeanza sina kinga nyingine ya kumpa, na sitaki kusikia mtu akiidharau.

Lakini ina njia zake za panya, nami nilizijua kwa mwili wangu. Enzi zangu nilikuwa kuli wa magunia ya mahindi, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kunipiga usoni mazoezini, nikajiona ngome. Siku ya pambano nikapanda na ngome yangu. Raundi ya kwanza jamaa alinigonga juu, juu, juu, nami nikapandisha viwiko kidogo tu, labda vidole viwili, ili nione vizuri. Raundi ya pili akanizungushia ngumi ya kushoto chini ya mbavu za kulia, linapokaa ini. Ajabu ya ngumi ya ini ni kwamba haiumi papo hapo. Unapata nafasi ya kufikiri, "Mbona hii haikuwa kitu?" Halafu miguu inakataa. Nilianguka macho yakiwa wazi, akili timamu, nikimsikia refa akihesabu kila namba, na sikuweza kuamka. Kocha wangu wa wakati ule, ambaye sitamtaja, alinilaumu kwa uoga. Hakuniambia kwamba mkono unaolinda panja hauwezi wakati huohuo kulinda ini. Hilo nililigundua mwenyewe nikiwa nimelala chali kitandani.

Kuna jambo la pili kuhusu kinga hii ambalo makocha wetu wengi hulisahau: glovu zenyewe. Mazoezini tunavaa glovu kubwa, aunsi 14 au 16, mito mitupu. Ukiziweka usoni hakuna kinachopita. Kwenye ngumi za kulipwa, kuanzia uzito wa welta kushuka chini, unavaa aunsi 8. Ukuta uliouzoea umepungua nusu, na glovu ya mpinzani nayo imekuwa ndogo, inapenya katikati. Apakati, ile inayotoka chini kwenda kidevuni, hupita palepale ambapo mwezi mzima ulikuwa ukijiona salama. Zaidi ya hayo, mikono ikikaa usoni huoni vizuri, na mikono isiyotoka hairudishi. Majaji wanahesabu ngumi zinazofika, hawatoi pointi kwa uvumilivu.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa simu. Naona vijana wanaingia mazoezini mkono wa kushoto umelala tumboni, bega la mbele limepanda hadi kidevuni, mkono wa kulia shavuni, mwili umekaa upande. Namjua mwalimu wao: ni Floyd Mayweather kwenye YouTube. Siwalaumu kwa kupenda, maana ni kinga nzuri kuliko zote kuitazama. Mpinzani anatupa mkono wa kulia, bega linaupokea na kuuviringisha nje, na kabla hajaurudisha, kulia kwako kumeshafika kwake. Hukuzuia kwa mkono, kwa hiyo mkono wako uko huru kujibu. Faida hiyo ni kubwa sana. Mayweather alistaafu na mapambano 50, ushindi 50.

Ila kumbukeni yule ni mtoto wa bondia, na baba yake mdogo Roger alikuwa bingwa wa dunia. Alianza akiwa mtoto mdogo mno. Kinga ile inategemea jicho na muda, na vyote viwili havipakuliwi kwa bando. Adrien Broner alikuwa na kipaji, kasi na mkanda, akaiga mkao ule karibu kila kitu. Desemba 2013 huko San Antonio alikutana na Marcos Maidana wa Argentina, mtu asiye na urembo wowote, anayetupa ngumi kama anayekata kuni. Broner alianguka mara mbili akapoteza kwa pointi. Mkao alikuwa nao. Kilichopungua ni ule uamuzi mdogo wa kila sekunde ambao kamera haiuonyeshi.

Na kuna njia ya panya kubwa zaidi: mtu wa mashoto. Bega lako la mbele limekaa kupokea ngumi ya kulia inayotoka upande wa kushoto kwako. Mtu wa mashoto, ngumi yake nzito iliyonyooka inatokea upande wa pili, inaingia ndani ya bega, inafika pale ulipo wazi. Ukanda wetu umewahi kuwa na mtu wa namna hiyo wa hali ya juu, Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974 kule Havana na bingwa wa WBA mwaka 1979. Alikuwa hajapoteza hata pambano moja la kulipwa mpaka Sugar Ray Leonard alipommaliza raundi ya tisa Juni 1981. Kijana, kabla hujateremsha mkono wako tumboni, niambie umewahi kufanya mazoezi na watu wa mashoto wangapi. Hapa kwetu naweza kuwahesabu kwa kiganja kimoja na vidole vikabaki.

Ile kinga ya Mike Tyson, glovu mbele ya mdomo na kichwa kikipepesuka kulia na kushoto huku mwili ukisonga mbele, nitaipita haraka. Kocha Cus D'Amato aliifundisha kwa Floyd Patterson kwanza, kisha kwa Tyson. Ni dawa ya mtu mfupi anayepigana na warefu. Lakini inakula pumzi kama lori linavyokula dizeli mlimani, na kichwa kikiacha kutembea hata kidogo, umebaki mtu mfupi aliyesimama mbele ya mtu mrefu. Patterson alimalizwa na Sonny Liston raundi ya kwanza mwaka 1962, na mwaka uliofuata raundi ya kwanza tena. Tyson mwenyewe, Tokyo, Februari 1990, kichwa kilisimama, jebu ya Buster Douglas ikamkuta hapohapo pambano zima, na raundi ya kumi akawa anatafuta kinga ya meno sakafuni. Kwa yeyote ambaye hajaweza kuruka kamba dakika tisa bila kupumzika, mjadala umeisha.

Kuna miguu. Hapa nakiri nina upendeleo, kwa hiyo mnisikilize kwa tahadhari. Anayejikinga kwa miguu hana haja ya kuzuia, kwa sababu ngumi ikifika yeye ameshahama. Hakuna glovu iliyogusa uso, hakuna ubongo uliotikisika. Mfano wangu si wa mbali. Philip Waruinge wa Nakuru, Kenya, alikwenda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akarudi na medali ya shaba uzito wa unyoya. Lakini tuzo ya Val Barker, anayopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika michezo ile, alipewa yeye. Wenye dhahabu na fedha wakabaki wanatazama. Miaka minne baadaye, Munich, akachukua fedha. Na Desemba ya mwaka uleule 1968, Tokyo, Nicolino Locche wa Argentina alimkwepa bingwa Paul Fuji kwa kiasi kwamba ilipofika raundi ya kumi Fuji aligoma kuinuka kwenye kigoda. Mtu alikata tamaa kwa kupiga hewa!

Hata hivyo Waruinge alirudi na shaba, si dhahabu, na hapo ndipo bei ilipo. Majaji hupenda anayekwenda mbele. Ukirudi nyuma sana, hata kama hupigwi, unaonekana unakimbia, na ngumi inayopigwa na mtu anayerudi nyuma haina uzito wa mwili ndani yake. Ulingo ukiwa mdogo, kama huu wetu wa kufunga kamba kwenye nguzo nne za mti, hatua tatu na umegota kamba. Halafu miguu huzeeka kabla ya mikono. Hilo linanifikisha Kinshasa.

Wazee mnakumbuka. Tarehe 30 Oktoba 1974, alfajiri, uwanja wa 20 Mei, Muhammad Ali na George Foreman. Foreman ana miaka 25, hajapoteza pambano lolote kati ya 40, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa KO. Ali ana 32, na miguu iliyokuwa ikiteleza miaka ya sitini haipo tena. Raundi ya kwanza alijaribu kutembea, akagundua kwamba kwa kila hatua mbili anazopiga yeye, Foreman anapiga moja tu na kumkatia njia. Kwa mwendo ule angeishiwa mapema. Raundi ya pili akafanya kitu kilichomtia kichaa kocha wake Angelo Dundee kwenye kona: akaegemea kamba, akafunika uso, akamwacha Foreman apige.

Akampiga kweli. Mikononi, mabegani, mbavuni. Kamba zilikuwa zimelegea, kwa hiyo Ali aliegemea nyuma hadi kichwa chake kikawa nje ya ulingo, mahali ambapo ngumi za kuzungusha hazifiki. Kila Foreman alipomkaribia, Ali alimshika shingo na kumwekea uzito wake. Na kila mwisho wa raundi, Foreman akiwa anahema, zilitoka ngumi mbili tatu za haraka zilizonyooka usoni. Watu husahau sehemu hiyo. Wanakumbuka kwamba Ali alipigwa mpaka mwenzake akachoka. La, alikuwa akipiga. Raundi ya nane Foreman hakuwa na mikono tena, Ali akatoka kwenye kamba, na jitu likazunguka kama mti uliokatwa likaanguka.

Tangu siku ile Afrika nzima tunaipenda kinga ya kamba. Ilifanyika kwetu, ilifanywa na mtu tuliyempenda, na ina hadithi tunayoijua tangu utotoni, ya sungura na tembo. Basi leo kijana akichoka raundi ya pili anaegemea kamba, na rafiki zake wanapiga kelele, "Ali! Ali!"

Hesabu yake ndiyo inayonitia hofu. Pambano la Kinshasa lilipangwa kwa raundi 15. Foreman alichoka kwa sababu muda wa kuchoka ulikuwepo. Ngumi za ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu: dakika tisa. Huyo mpinzani wako wa kilo 60, aliyekulia akipanda na kushuka vilima hivi vya Mbozi na gunia la kahawa kichwani, unadhani atachoka ndani ya dakika tisa? Atakuwa ndiyo kwanza anapasha moto. Wewe utakuwa umekaa kwenye kamba ukihesabiwa pointi, na refa anayekuona hujibu anayo haki ya kusimamisha.

Na Ali alilipa. Februari 1980 alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter kushawishi nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, na sisi tukaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha. Watu walimwona yule bwana, bado mzuri wa sura, bado anatania. Oktoba ya mwaka huohuo Larry Holmes alimpiga raundi kumi mfululizo mpaka Dundee akakataa kumrudisha ulingoni. Mwaka 1984 aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Madaktari wamebishana ni kiasi gani ngumi zilihusika, nami si daktari. Lakini tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland alipoandika kuhusu mabondia wanaotembea kama walevi, imejulikana kwamba kichwa kina kumbukumbu yake. Kwa hiyo nikiulizwa kinga ipi nisingeifundisha hata kwa kulipwa, ni hiyo tunayoipenda kuliko zote.

Wapo wanaosema: kocha, kinga bora ni kushambulia. John Mugabi wa Uganda aliishi kwa imani hiyo. Baada ya fedha ya Moscow aliingia ngumi za kulipwa, na kila aliyekutana naye alimmaliza kwa KO, hakuna aliyefika kengele ya mwisho. Machi 1986, Las Vegas, alikutana na Marvin Hagler, mtu aliyekuwa na vyote viwili, shambulio na kinga. Mugabi alimtesa kweli; uso wa Hagler ulivimba. Lakini mikono inayotupa haipo nyumbani, na raundi ya 11 akamalizwa. Upande wa pili wa sarafu tumeufurahia sisi wenyewe: Septemba 2018, Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga, asiyejulikana na yeyote pale, alimkuta Sam Eggington, bondia wa kubadilishana ngumi, akiwa nyumbani kwake mbele ya watu wake. Raundi ya pili refa alisimamisha. Anayebadilishana ngumi hufungua mlango kila anapopiga, na hachagui nani atapita.

Kuna jina moja ambalo kila nikilitaja sauti hubadilika. Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988 uzito wa welta. Alikuwa anapiga sana. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzalez raundi ya tisa. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Baadaye akazimia, na tarehe 24 Julai akafariki, akiwa na miaka 26.

Fikirini hilo la kulalamika. Mtu ambaye ubongo wake ulikuwa tayari umeumia alikuwa wima, anabishana, anaona ameonewa. Maana yake kuna kinga moja ambayo bondia hawezi kujiwekea mwenyewe. Ni refa, na kocha mwenye taulo mkononi. Hiyo nayo ina adui wake, na adui ni sisi tunaokaa kwenye viti. Septemba 2022, Liverpool, Mwakinyo alipopiga goti raundi ya nne mbele ya Liam Smith, vijiwe vyetu vilimcheka. Mimi nilikuwa kijiweni na nilicheka pia, naona aibu kusema. Bondia aliyepiga goti alirudi Tanga akapigana tena.

Damu ikivuja ndani ya fuvu inahitaji upasuaji wa haraka. Hospitali tunayo hapa hapa, tunashukuru, lakini kwa jambo kama hilo mgonjwa atapakiwa garini kuelekea mjini, na barabara ya Mbeya mnaijua ilivyo na malori. Kwa sababu hiyo mazoezini kwetu sheria ni zangu, na wasiozipenda waende kwingine. Miezi mitatu ya mwanzo ni kinga ya juu na miguu, hakuna kuteremsha mkono. Hakuna kuegemea kamba. Hakuna kupigana siku mbili mfululizo. Aliyeanguka kwa ngumi ya kichwa, hata akiinuka anacheka, anakaa nje mwezi mzima, na mama yake anaarifiwa.

Kesho saa kumi jioni tunaanza. Glovu tunazo jozi nne, kofia za kinga mbili, kwa hiyo tutapokezana. Kinga ya meno kila mmoja aje na yake, hatuazimani. Na mzee wangu wa mstari wa mbele, saa unayo mkononi na naona inatembea vizuri: njoo utupigie kengele.